Mashavu ya Mpishi

Akifika kwenye shughuli, jambo la kwanza kuulizia lilikuwa choo. Wapishi wengine hufika wakauliza kama ng'ombe keshachinjwa, au mchele ni wa wapi. Huyu wetu alishusha miiko yake kwenye baiskeli, akasalimia wazee, akauliza choo kiko upande gani, akaenda kukiona kwa macho yake, kisha akarudi na kuamua mafiga yapangwe wapi. Siku zote yalipangwa karibu na choo, ila upande ambao upepo hauleti harufu. Kwa tabia hiyo akapata sifa Handeni nzima kwamba ni mpishi msafi kupita kiasi, mtu asiyewasha moto kabla hajakagua choo cha nyumba. Mama mmoja wa hapa Chanika aliwahi kujenga choo kipya kabla ya harusi ya mwanawe, kwa kuogopa tu ulimi wa Mpishi.

Mimi nilikuwa jirani yake, ua kwa ua, na nilijua kwamba usafi haukuhusika hata kidogo. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nilikuwa mimi, kwa sababu cherehani yangu iko dirishani na dirisha langu linatazamana na mlango wa choo chake. Nilimwona akiingia na kutoka tangu asubuhi hadi ninapofunga kazi. Alitembea akienda, akarudi ameshika ukuta. Tukigongana macho alinipungia mkono kama mtu aliyetoka sokoni.

Jina lake sitalitaja, na sidhani kama kuna hasara. Mtaani hakuna aliyelitumia. Hata mkewe alimwita Mpishi, na ugomvi ukipamba moto alimwita "wewe Mpishi". Wapishi wa pilau wapo wengi kati ya hapa na Korogwe, lakini ukisema Mpishi peke yake, bila kuongeza jina la mtu wala la mahali, watu walijua unamsema yeye.

Kwa kazi yake alistahili. Hakuwa mwizi wa nyama, na katika kazi ile hilo ni jambo la kushangaza kuliko mvua ya Agosti. Wapo wapishi ambao maini ya ng'ombe hupotea mikononi mwao kabla hata ng'ombe hajapoa. Yeye aliyapeleka ndani kwa mwenye nyumba, kwenye sinia, wazi, watu wote waone. Mara moja kwenye khitma kule Mazingara alimfukuza msaidizi wake mbele ya wageni kwa sababu ya mfupa mmoja wenye uboho. Yule bwana akalalamika kwamba ni mfupa tu. Mpishi akamjibu, "Leo mfupa, kesho utaniibia ng'ombe mzima na mkia wake."

Alikuwa na maneno yake. Alisema chumvi ni kama mgeni, ukishaikaribisha huwezi kuifukuza. Alisema moto hauna haraka, mwenye njaa ndiye mwenye haraka. Hakukubali watu waliogombana wakoroge sufuria moja, na kama ndugu wawili wa msiba walikuwa hawasemezani, basi mmoja alitumwa kuni na mwingine kumenya vitunguu, mpaka wapatane au chakula kiive. Alikuwa mkali kwenye mafiga na mpole nyumbani. Watoto wa mtaa walimganda kwa ajili ya ukoko, na aliwagawia wote, akianza na yule aliyesimama nyuma kabisa.

Lakini yeye mwenyewe hakula. Wanaume wakishazunguka sinia wanamwita, "Mpishi, karibu, mwenye kazi hakai pembeni." Anakuja, ananawa, anasema Bismillahi, anatia mdomoni kitonge cha kumtosha kifaranga, kisha anainuka. "Nimeshiba harufu," anasema. Watu wakacheka. Nyumbani mkewe alimpikia wali wa bokoboko usio na kitu, au uji, na siku mbaya alikunywa maji ya wali tu. Mtu aliyelisha nusu ya wilaya alikuwa akiogopa chakula kama sisi tunavyoogopa nyoka.

Tuseme ukweli, tulimsumbua. Mpishi mwembamba haaminiki. Alikuwa mwembamba mpaka kanzu ilimning'inia, na nyuma yake watu walisema, "Kama chakula chake hakimnenepeshi yeye, kitamfaa nani?" Alikuwepo mpishi mwingine, bwana mnene wa upande wa Korogwe, kitambi mbele, kidevu mara mbili. Pilau lake lilikuwa gumu na nyama yake mbichi mfupani, lakini watu walimtazama wakashiba kabla ya kula. Shughuli kadhaa zilimponyoka Mpishi wetu zikaenda kwa yule bwana. Aliniambia siku moja, akiwa amekaa kizingitini kwangu, "Fundi, watu wanakula kwa macho. Mimi macho yao siyashibishi."

Na mkewe ndiye aliyebeba lawama. Mume akikonda, mke ndiye anayeulizwa. Kwenye vikao vya kina mama walimsema kwa mafumbo, naye aliyaelewa yote. Aliwahi kulia hapa kwangu, amekaa juu ya marobota ya vitambaa vya shule, akisema, "Wifi, mimi namnyima nini yule mtu?" Nilimtilia chai.

Miaka yote hiyo Mpishi alitibiwa kila kitu isipokuwa alichokuwa nacho. Alitibiwa amiba, akatibiwa minyoo, akatibiwa taifodi mpaka akachoka. Wazee wakasema ni chango, akaletewa mizizi kutoka Mazingara, chungu kuliko shubiri, akainywa yote. Wengine wakasema kalishwa kitu. Hilo lilimchekesha. "Mlisha watu ni mimi," alisema, "mimi atanilisha nani?" Lakini mizizi ya kutapisha aliinywa vilevile. Alikuwa mtu wa namna hiyo, alicheka jambo huku akilitii.

Damu aliyokuwa akiiona chooni ilipozidi, shemeji zake walimpeleka hospitali ya rufaa, mbali huko. Wakamwingiza kamera tumboni. Nilichosikia nilisikia kwa mkewe, na baadaye kwa yeye mwenyewe, maana alipenda sana kukisimulia. Daktari alimweleza kwamba mwili wa kila mtu una askari wa kupigana na maradhi. Askari wake yeye wamechanganyikiwa, wameuacha ugonjwa na kuupiga utumbo wake mwenyewe, ndiyo maana umevimba na kutoka vidonda. Dawa yake ni ya kuwalaza askari. Haiponyi, ila inawalaza.

Akapewa vidonge vya aina mbili. Vyeupe vilikuwa vya kuzima moto upesi, aanze na vingi halafu apunguze kidogo kidogo kila wiki mpaka aviache. Vya njano vilikuwa vya kukaa navyo, pengine miaka, taratibu, na damu ipimwe mara kwa mara. Mtu mwenye akili angejua vidonge vipi ndivyo dawa na vipi ni vya dharura. Yeye alikuwa na akili. Tatizo ni kioo.

Ndani ya muda mfupi damu ilikoma, akaanza kula, na mashavu yakajaa. Yakajaa kwelikweli, yakawa ya mviringo, yanang'aa. Hapo kabla mtaani ulishavuma uvumi kwamba Mpishi anakunywa dawa zinazohusu kinga, na unajua uvumi wa namna hiyo unaishia wapi. Kuna waliokuwa wameanza kukwepa sahani zake. Mashavu yalipotokeza uvumi ukafa wenyewe. "Mwenye ngoma hawezi kunawiri vile," walisema walewale. Mwanamke aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpa kazi ya harusi.

Kazi zikaja mfululizo. Yule bwana wa Korogwe akabaki na kitambi chake. Mpishi akaja kwangu nimpanulie kanzu, nikafungua mishono ya ubavuni, baada ya mwezi akaja tena. Alisimama mbele ya kioo changu kidogo akijipiga mashavu kwa viganja. "Fundi, hiki ndicho kibali changu cha kazi," akasema. Na mkewe! Mkewe alitembea Chanika kama bibi harusi. Kina mama walewale wakamwuliza anampikia nini mumewe. Alijibu kwa maringo, mapenzi tu, dada zangu, mapenzi.

Mimi ni mshonaji, nautazama mwili kwa futi. Nilipompima niliona kinachoongezeka ni uso, shingo kwa nyuma, na tumbo. Mapaja na mikono vilikuwa vinapungua. Ngozi ya mkono ilikuwa na madoa ya damu, ukimgusa tu anavilia. Nilimwambia, "Kaka, huku unapanda, huku unashuka." Akanijibu kwamba mafundi nguo tuna wivu. Tukacheka wote wawili. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kwa kumsifu hakuna aliyebaki nyuma, tulimsifu mtaa mzima.

Vya njano aliviacha. Handeni havikuwepo, ilibidi viagizwe Dar na kupakiwa kwenye basi, na alipovinywa vilimtia kichefuchefu akashindwa kuonja chumvi. Zaidi ya hayo, havikufanya jambo lolote ambalo jirani angeliona. Vyeupe vilipatikana duka la dawa pale barabarani, bila karatasi ya daktari, bila swali. Wapo hata kina dada wa mtaa waliovitafuta vidonge hivyohivyo kwa ajili ya kunenepesha nyonga, kwa hiyo muuzaji alivizoea. Kila alipojaribu kuvipunguza, maumivu ya tumbo yalirudi na uso ukaanza kulegea, basi akapandisha tena. Wiki alizoambiwa zikawa miaka. Aliporudi kliniki, mara chache, alisema amepunguza.

Hapa ndipo ninaposhindwa kumwelewa, na hasira yangu haijaisha mpaka leo. Mtu asiyeweza kuvumilia uongo wa mfupa mmoja wenye uboho aliwadanganya madaktari bila kupepesa macho. Kwenye nyama ya watu alikuwa mwaminifu kama mizani. Kwenye nyama yake mwenyewe alikuwa mwizi.

Ilifika wakati sehemu ya utumbo ikabana. Chakula hakipiti, akila anatapika, tumbo linajaa na kukaza kama ngoma. Daktari wa upasuaji akasema kile kipande kikatwe na ncha mbili zishonwe pamoja. Lakini kwanza apunguze vidonge vyeupe, polepole, kwa wiki kadhaa. Asiviache ghafla, akiviacha ghafla mwili utaanguka, kwa kuwa umeshasahau kujitegemea. Na asije kwenye meza ya upasuaji akiwa navyo vingi mwilini, kwa kuwa askari waliolazwa hawalindi mshono, na nyama ya utumbo haishikani. Mkewe alikuwepo, aliyasikia. Alinisimulia karibu neno kwa neno.

Ilikuwa karibu na mwezi wa Shaabani, na kwetu Shaabani ndiyo msimu, watu wote wanataka kuoza kabla ya mfungo. Mpishi alikuwa amekubali harusi ya familia kubwa ya wafanyabiashara, ng'ombe wengi, wageni kutoka Tanga na Dar. Akasema hawezi kwenda pale na uso wa zamani. Mbele ya mkewe alimeza vidonge vichache kama alivyoagizwa. Vingine vilikuwa ndani ya kopo la iliki, kwenye kapu lake la viungo ambalo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuligusa. Haya aliniambia mwenyewe, baadaye, wakati hayakuwa na faida tena. Bila vile vya kwenye kopo asingeweza kusimama kwenye moto kutwa nzima.

Harusi ilifana. Watu wanaizungumzia mpaka sasa. Alipigwa picha karibu na masufuria, mashavu yanang'aa, mwiko begani. Siku chache baadaye akaenda kupasuliwa. Daktari mmoja, kijana, alimtazama usoni akamwuliza kama kweli amepunguza. Akasema kweli. Akamwuliza tena. Akaapa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila wao hawakuwahi kukutana na mtu anayeyatangaza maradhi na kuficha dawa.

Mshono wa ndani uliachia. Walimfungua mara ya pili, tumbo limejaa uchafu, wakaukata zaidi utumbo na kuutoa ncha nje, ubavuni, ufungwe mfuko wa kupokea choo. Kidonda cha nje kikakataa kufunga. Usaha uliingia, na mwili usio na askari ukaupokea kama mgeni. Alikaa wodini mpaka mfungo ukaisha na Idi ikapita. Mkewe alilala chini ya kitanda chake muda wote huo, juu ya kanga. Huko ndiko alikoambiwa na wauguzi kwamba damu ya mumewe na maneno ya mumewe havilingani. Aliporudi Handeni hakunigusia hilo. Alisema tu, "Mungu ndiye anayejua."

Waliahidiwa kwamba mfuko ni wa muda. Akipata nafuu, utumbo uliobaki ukitulia, atafunguliwa mara nyingine warudishe ndani kila kitu, aende haja kama watu. Ahadi hiyo ndiyo iliyomweka hai, na ndiyo iliyomweka hai mkewe. Waliishi kwa neno moja: kufungwa. Akifungwa atapika. Akifungwa watakwenda Mazingara kuhani misiba iliyowapita. Akifungwa atarudi safu ya mbele msikitini. Imamu alimwendea nyumbani akamwambia mgonjwa ana ruhusa, atie udhu kila swala aje tu. Alikataa. Alisema hawezi kusimama bega kwa bega na watu huku akitoa sauti asizozitawala.

Mifuko yenyewe ilikuwa shida. Ile ya hospitali haikupatikana kila siku, wakatumia nailoni, wakafunga na kitambaa. Nilimshonea mikanda ya pamba laini ya kushikilia mfuko usivutie ngozi. Nilishona mingi, nikabadili mtindo mara kadhaa mpaka nikapata uliokaa vizuri. Sijawahi kushona nguo kwa umakini ule, hata za maharusi. Alipoipokea alisema, "Fundi, hii nayo ni sare." Nilitaka kucheka nikashindwa.

Siku moja akafiwa jirani yetu mwingine, mzee wa watu, na Mpishi akatoka. Alivaa kanzu, akaja pole pole na mwiko wake. Wanaume wakamwambia apumzike. Akasema msiba hauna kupumzika. Basi wakamwachia sufuria moja, ndogo, ya wali, na nyingine mbili wakapika wao. Alikaa kwenye kigoda akapika kama zamani, akaonja kwa tone kiganjani, akapalia makaa juu ya mfuniko. Wali ulitoka punje mojamoja, mweupe, unanukia. Wakati wa kupakua nilikuwa upande wa kina mama, tunapokea masinia, na nilisikia mtu akinong'ona, "Tupe ya sufuria zile." Na mwingine vilevile. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyesema neno baya kwa sauti. Sufuria mbili zilikwanguliwa mpaka ukoko, na ya Mpishi ilibaki imejaa, imekatwa upande mmoja tu, pale nilipojipakulia mimi na mkewe.

Aliitazama. Akaifunika kwa mfuniko, akaweka jiwe juu ili kuku wasiifunue, akamwambia mkewe waende nyumbani. Haukupita muda mrefu wakahama. Mkewe ana nyumba ya urithi kule Masuguru, Korogwe, na walisema wanataka kuwa karibu na barabara kubwa kwa ajili ya hospitali. Ua wao sasa una mpangaji anayefuga bata.

Mwaka huu, kabla ya mfungo, nilikwenda Korogwe kuchukua vitambaa, nikasema lazima niwaone. Nilitembea mpaka Masuguru nikiuliza njia. Alikuwa amekaa barazani kwenye mkeka, mgongo ukutani. Nilimwona kwa mbali, na moyo ukanidunda, kwa sababu mashavu yalikuwa yamerudi. Ya mviringo, yanang'aa, kama ya kwenye picha ya harusi. Ndani nilisikia sauti za kina mama wageni, na mmoja alikuwa akisema, "Kwa kweli Mungu mkubwa, baba amenawiri."

"Shikamoo kaka," nikasema.

"Marahaba, fundi. Karibu. Chanika hawajambo?"

"Hawajambo. Unaendeleaje?"

"Si unaona?" Akajipiga shavu, lakini bila nguvu. Kisha akashusha sauti. "Wewe sema. Wewe huna adabu, sema unaonaje."

"Umevimba, kaka."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa salamu alizozitegemea. Akaniambia pole pole, akitazama mlango wa ndani. Ule utumbo uliobaki umeshika moto nao. Damu imerudi, sasa inaingia mfukoni anaiona. Safari hii vidonge vyeupe amepewa na hospitali yenyewe, vingi, kwa kuwa bila hivyo hamalizi wiki. Vya njano wamejaribu, wakati wake umepita. Ipo sindano, daktari aliitaja, lakini aliitaja kama watu wanavyomtajia Makka mtu asiye na nauli.

"Nikamwuliza, na kufungwa je? Yule kijana, unamkumbuka nilikwambia, aliyeniuliza mara mbili. Sasa ndiye mkubwa pale. Akaniambia, mzee, siwezi kukupasua ukiwa kwenye dawa hizi, na siwezi kukutoa kwenye dawa hizi. Nikamwambia, safari hii sijakudanganya. Akasema anajua."

"Na wifi?"

"Alikuwa nje, kafuata uji. Nilimwambia kwamba daktari kasema baada ya mfungo."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. "Kaka! Tena?"

"Tena," akasema. "Unasikia wanavyomsifu mle ndani? Tangu tufike hapa walimwita mke wa mwenye mfuko. Sasa wanamsifu. Mwache kidogo, fundi. Kuna nini tena cha kuharibu?"

Mkewe akatoka na wale wageni, akawasindikiza mpaka njiani, akarudi mbio kunikumbatia. Alikuwa amevaa kanga mpya na amepaka wanja. Akanishika mikono yote miwili.

"Wifi, umemwona? Umeona mashavu? Hospitali ile wanajua kazi, mwenzangu! Kakwambia? Baada ya mfungo wanamfunga. Nimeshaongea na ndugu zangu, akitoka tu tunafanya kisomo, na pilau atapika mwenyewe, na safari hii nataka nione nani atakayebakiza. Utakuja?"

Mpishi alikuwa ananitazama.

"Inshallah, wifi," nikasema. "Nitakuja na watoto."

"Usije na watoto peke yao, njoo na Chanika yote!" Akacheka, akaingia ndani kubandika maji ya chai.

Tulibaki wawili. Mpishi akasema jua limefika kwenye mkeka, nimsaidie asogee kivulini, mapaja siku hizi hayamnyanyui. Nilimshika kwapani, nikakaza miguu nikitegemea uzito. Hakukuwa na uzito. Pamoja na mashavu yale yote, alikuwa mwepesi kama nguo.